Mkono wa Kamera Ukigoma: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Mfumo wa Kuvuta Mkanda

Kamera za mkanda zilizokaa makabatini Tanga kwa miaka mingi, hasa kwenye nyumba za Raskazone na Chumbageni ambako upepo wa bahari hauishi, zikitolewa leo huwa na malalamiko ya aina moja: mkono wa kuvutia mkanda umegoma. Mwenyewe anausukuma kwa kidole gumba, anaukuta mgumu, anaongeza nguvu, kitu kinalia "tak" ndani, na hitilafu iliyohitaji tone moja la petroli ya kibiriti inageuka kuwa gia iliyovunjika jino.

Mkono ndio unaolalamika, lakini mara nyingi ugonjwa hauko kwake. Mfumo wa kuvuta mkanda umefungwa pamoja na shata (mapazia yanayofungua na kufunga njia ya mwanga kwenda kwenye mkanda), kioo kinachoakisi taswira kwenye kitazamio, na kitufe cha kufyatulia kwa namna ambayo kimoja kisipomaliza kazi yake, kingine hakiruhusiwi kuanza. Kwa hiyo kazi kubwa katika mwongozo huu ni kutafuta nani anamsubiri nani. Kufungua na kusafisha ni kazi ya mikono tu, na mtu mwenye subira ataimudu.

Nitaeleza kwa kutumia Pentax K1000. Kamera hii ilitengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, utendaji wake wote ni wa kimakanika, na betri yake ndogo ni ya kipima mwanga peke yake. Ukiitoa, kamera inaendelea kupiga picha. Aliyeielewa hii hatapotea sana akikutana na Zenit-E ya Kirusi au Praktica ya Ujerumani Mashariki. Ila usianze kujifunzia kwenye kamera ndogo zenye flashi ya ndani. Kapasita ya flashi huhifadhi umeme wa volti 300 hivi hata betri ikiwa imetolewa, na umeme huo hauna utani.

Kinachotokea ndani unapovuta mkono

Chini ya mkono kuna gia yenye meno yaliyolala upande mmoja, na ulimi mdogo wa chuma unaosukumwa na springi. Ukivuta, ulimi unashika; ukiachia, mkono unarudi bila kuirudisha gia nyuma. Ni friwili ya baiskeli, kwa udogo wake, na mji huu una baiskeli za kutosha kwa kila msomaji kujua friwili yenye uchafu inavyofanya: inateleza pale ulipotaka ishike.

Kutoka hapo nguvu inagawanyika njia tatu. Ya kwanza inakwenda kwenye gia ya mkanda, ile yenye meno yanayoingia kwenye matundu ya pembeni mwa mkanda. Kwenye kamera nyingi za milimita 35 ina meno 8 kila upande, nayo huzunguka mara moja kamili kwa kila picha. Umbali kati ya tundu na tundu ni milimita 4.75, kwa hiyo matundu 8 ni milimita 38. Picha yenyewe ina upana wa milimita 36, na zile 2 zinazobaki ndio mwanya kati ya picha na picha. Shika hesabu hiyo, tutaihitaji wakati wa kupima.

Njia ya pili ni ngoma ya kukunjia mkanda. Mkanda wa picha 36 una urefu wa zaidi ya mita moja na nusu, na kadiri unavyojikunja ngoma inanenepa. Ngoma iliyonenepa ikizunguka sawa na ile nyembamba itavuta mkanda mwingi kupita kiasi na kuuchana. Ndiyo maana ngoma haikufungwa moja kwa moja kwenye gia. Imeshikiliwa na klachi inayoteleza: gia ya mkanda inapima urefu, ngoma inakunja tu kile kilichoruhusiwa.

Njia ya tatu ni kukoki shata na kioo. Mapazia mawili ya kitambaa yanavutwa upande mmoja na kufungwa huko, na wenzo mwingine chini ya kamera unakaza springi ya kioo. Shata ikishakokiwa, kitasa kinaufunga mkono usivutwe mara ya pili. Ukibonyeza kitufe, kioo kinapanda, pazia la kwanza linakimbia, la pili linalifuata, na la pili likifika mwisho wa safari yake ndipo kioo kinashuka na kitasa kinafunguka. Pazia la pili likikwama milimita chache kabla ya mwisho kwa sababu ya mafuta yaliyokauka, kioo kinabaki juu na mzunguko mzima unasimama. Mteja anakuja na neno moja tu: "Fundi, mkono umekwama."

Kabla ya kushika bisibisi

Kwanza jua kama kuna mkanda ndani. Zungusha kifundo cha kurudishia, kile cha kushoto juu, kwa mwelekeo wa mshale wake, taratibu. Ukihisi kinavuta kitu, mkanda umo. Na kama mkono umekwama katikati ya safari huku kihesabio kikionyesha 36 au zaidi, kamera yako ni nzima: mkanda umekwisha. Bonyeza kitufe kidogo cha kurudishia kilicho chini ya kamera, zungusha kifundo mpaka uhisi mkanda umeachia, fungua.

Mkanda ukigoma kurudi, usibishane nao. Subiri usiku, ingia chumba kisicho na dirisha, ziba mwanga wa chini ya mlango kwa taulo, acha simu nje. Fungua mgongo wa kamera gizani, utoe mkanda kwa vidole na kuuweka kwenye kopo jeusi lisilopitisha mwanga. Taa nyekundu ya studio usiiwashe. Ile ni ya karatasi za picha; mkanda wa rangi, na mikanda karibu yote ya kisasa ya nyeusi na nyeupe, inaiona na itaungua.

Pili, bonyeza kitufe cha kufyatulia. Inashangaza kamera ngapi "mbovu" zimekokiwa tu, zinasubiri kufyatuliwa. Weka spidi kwenye B, nafasi inayoiacha shata wazi muda wote kitufe kikiwa kimebonyezwa; bonyeza, shikilia, achia. Mkono ukifunguka, umepona.

Tatu, jua kamera yako inategemea umeme kiasi gani. Canon AE-1, ambayo nayo ilitoka mwaka 1976, haifyatui kabisa bila betri ya volti 6, na isipofyatua mkono haufunguki. Wapo waliolipa fundi kwa kuwekewa betri. Safisha na ncha za betri pia; ile chumvi ya kijani inayoota hapo hukata umeme hata betri ikiwa mpya.

Nne, toa lenzi utazame ndani. Kioo kiko chini au juu? Kikiwa juu, achana na mkono, shida iko kwenye shata au mfumo wa kioo. Usikiguse uso wake: utando wake wa kuakisi umepakwa kwa mbele, na alama ya kidole yenye jasho inaweza isitoke tena.

Kusoma dalili

Fungua mgongo wa kamera, hakikisha haina mkanda, kisha vuta mkono polepole huku ukitazama gia ya mkanda na ngoma. Hapa ndipo penye utambuzi wote, kwa hiyo tumia muda wako hapa kuliko kwenye bisibisi.

Mkono ukienda na kurudi mlegevu, wala hakuna kinachozunguka, ulimi haushiki meno. Ama springi yake imechoka, ama grisi ya zamani imeganda na kuuzuia usianguke mahali pake, ama skrubu ya juu ya mkono imelegea na mkono unazunguka peke yake juu ya ekseli. Anza na hiyo ya mwisho kwa kuwa ndiyo rahisi.

Gia ya mkanda ikizunguka lakini ngoma imelala, klachi imeteleza kupita kiasi. Ukiweka mkanda kamera ya namna hii itaujaza ndani kwa mikunjo badala ya kuukunja kwenye ngoma, na baada ya picha chache utasikia mkono unakuwa mzito.

Kinyume chake, ngoma ikizunguka na gia ya mkanda ikawa huru, kitazame kile kitufe cha kurudishia cha chini. Ukikibonyeza, gia ya mkanda inaachiliwa ili mkanda urudi. Unapovuta mkono tena kinatakiwa kiruke nje chenyewe. Kikibaki ndani kwa uchafu au kutu, hakuna anayepima urefu wa mkanda na picha zinapandana. Hitilafu hii ni ya kawaida sana kwenye kamera za pwani, na tiba yake ni tone la petroli na kukibonyeza mara kadhaa.

Mkono unaovuta vizuri lakini haurudi una mambo mawili: springi ya kurudishia imekatika au kuchomoka, au mkono wenyewe umepinda na unasugua kifuniko cha juu. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mkono na kifuniko. Kikikwama, umeshajua.

Uliokwama mwanzoni kabisa, haujongei hata kidogo, mara nyingi ni kitasa ambacho hakijafunguka kwa sababu shata haijamaliza mzunguko. Uliokwama katikati na hakuna mkanda, kuna kitu kimeingia kwenye gia: kipande cha mkanda uliochanika, mchanga, skrubu iliyojifungua yenyewe, au jino lililovunjika.

Neno moja kuhusu Yashica Electro 35, maana familia nyingi zilikuwa nayo. Ndani yake kuna kipande kidogo cha mpira ambacho huoza kwa umri. Kamera isiyo na hitilafu hutoa kishindo kidogo unapovuta mkono. Kishindo hicho kikikosekana, mpira huo umekwisha na shata haitafanya kazi sawasawa hata ukisafisha gia zote. Na wenye Zorki-4 au FED-3 wakumbuke kukoki shata kwanza ndipo wabadilishe spidi. Kuzungusha kitufe cha spidi shata ikiwa haijakokiwa ni njia ya uhakika ya kuharibu vyuma vyake.

Vifaa, na mahali pa kukaa

Skrubu za kamera za Kijapani zimekatwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida haizami mpaka mwisho, inapanda na kula kichwa cha skrubu. Ukikosa ya JIS, chukua ndogo ya kutengenezea simu, piga msasa kidogo sana kwenye ncha yake mpaka izame vizuri. Zenit na ndugu zake wengi wanatumia skrubu za mstari mmoja, hapo bisibisi bapa ya fundi saa inatosha.

Kifuniko cha juu ya mkono mara nyingi hakina mkato wa bisibisi. Kinafunguliwa kwa msuguano wa mpira. Nenda kwa fundi baiskeli yeyote wa Ngamiani, omba kipande cha tyubu kuukuu, kigundishe kwenye kizibo cha chupa chenye upana unaolingana na kifuniko, gandamiza na zungusha. Kipande hicho hicho cha tyubu kikiwekwa kati ya bisibisi na skrubu iliyoliwa kichwa huweza kuitoa.

Ongeza vibano viwili vyembamba, njiti za meno, pamba, sindano ya kushonea, mpira wa kupulizia vumbi, na trei ya mayai kwa ajili ya skrubu. Kila tundu la trei ni la hatua moja, kwa mpangilio. Simu yako ipige picha kabla ya kila skrubu kutoka, hata ile unayodhani huwezi kuisahau.

Vimiminika ni vitatu tu. Petroli nyepesi ya vibiriti vya utambi, inayokauka bila kuacha mafuta, ndiyo ya kusafishia gia. Mafuta ya saa, ambayo fundi saa anaweza kukuuzia matone machache, ndiyo ya ekseli. Ukikosa, mafuta ya cherehani yanafaa kwa uchache wa ncha ya sindano. Na grisi nyepesi kwa meno ya gia yanayobeba nguvu. Dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu iache kwenye pikipiki. Ikipulizwa ndani ya kamera inasambaa mpaka kwenye mapazia na lenzi, na huwezi kuirudisha. Mafuta ya kula ndiyo kabisa: ukikuta kamera yenye gundi ya njano kwenye gia, kuna mjomba aliwahi kuihurumia kwa mafuta ya jikoni.

Fanya kazi asubuhi, kabla jua halijapanda. Feni lazima izimwe, na bila feni saa sita ya Tanga jasho litadondokea ndani ya kamera, na jasho ni chumvi. Kaa karibu na dirisha lililo wazi lakini lisilopeperusha vitu, na petroli ikiwa mezani hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa barazani karibu, hakuna udi.

Fungua chini kwanza

Mafundi wengi wanaojifunza wanakimbilia juu kwa kuwa mkono uko juu. Chini ndiko rahisi, na kwenye K1000 sehemu kubwa ya gia na wenzo wa kioo zinaonekana kutokea huko.

Weka kamera kichwa chini juu ya taulo lililokunjwa, toa skrubu za bamba la chini na uliinue. Kabla ya kugusa chochote vuta mkono taratibu na kufyatua mara kadhaa, kama unakubali, huku ukiangalia tu. Utaona gia kubwa ikizunguka, wenzo wa kioo ukisukumwa na kurudi. Ukiona wenzo unarudi kwa uvivu, au unasimama kabla ya mwisho, umempata anayesubiriwa. Usukume polepole kwa njiti ya meno kuelekea unakotakiwa kwenda. Shata ikifyatuka na mkono ukafunguka, hakuna kilichovunjika. Ni uchafu.

Karibu na hapo kuna magurudumu mawili madogo yenye meno na vizuizi vyake. Hayo yanashikilia mkazo wa mapazia. Usiyaguse. Kizuizi kikichomoka, springi inajifungua yote, na kurekebisha spidi za shata upya ni kazi nyingine inayohitaji kipimo maalumu.

Chovya njiti ya meno kwenye petroli, sugua meno ya kila gia na kila ekseli unayoifikia, futa kwa pamba iliyokamuliwa. Badilisha njiti kila inapotoka nyeusi. Usimimine. Mapazia ni kitambaa chenye mpira, na petroli ikitiririka hadi kwao huulegeza mpira huo. Shikilia kamera kwa mlalo ambao kimiminika kikiteremka kitakuja nje, si ndani. Ondoa kila kipande cha mkanda au mchanga kwa kibano. Kisha vuta na kufyatua mara nyingi, dakika tano nzima, mpaka mwendo uwe laini. Safari ya kwanza inaweza isitoshe: grisi iliyokaa miaka 40 hulainika, inasogea, inaganda tena petroli ikikauka. Rudia.

Mwendo ukikubali ndipo utie mafuta. Ncha ya sindano kwenye kila ekseli, grisi kidogo kwenye meno makubwa. Ukiweza kuliona tone kwa mbali, umezidisha.

Skrubu zilizoshikwa na kutu, na huku kwetu zipo, hazitolewi kwa hasira. Petroli kwa ncha ya sindano, subiri, jaribu. Ikikataa, ncha ya moto ya chuma cha kulehemu ishikilie kichwani pa skrubu kwa sekunde chache, baada ya kuhakikisha petroli yote imekauka, kisha jaribu tena ikiwa ya moto.

Ukilazimika kwenda juu

Unakwenda juu kwa sababu tatu tu: ulimi haushiki, springi ya kurudishia imekufa, au mkono wenyewe umelegea au kupinda. Kama chini kumeponya, rudisha bamba na uruke sehemu hii.

Hakikisha shata haijakokiwa. Fungua mgongo, ingiza kijiti cha mbao kwenye uma wa kifundo cha kurudishia ili kisizunguke, kisha zungusha kishikio chake cha juu kinyume cha saa mpaka kitoke. Upande wa mkono tumia kile kizibo cha tyubu. Hapa kuwa makini: sehemu zinazozungushwa kila siku na mkono wa mpigapicha wakati mwingine hufungwa kwa thredi za kushoto ili zisijifungue. Jaribu kinyume cha saa kwa nguvu ya kadiri. Ikikataa, tia petroli, subiri, jaribu upande wa pili kwa nguvu ile ile. Kuongeza nguvu ni jambo la mwisho, si la pili.

Kitufe cha spidi, kilicho kati ya mkono na prizima (kile kinundu cha katikati juu ya kamera), kiweke kwenye namba utakayoikumbuka, kipige picha, ndipo ukitoe. Kikirudishwa kikiwa kimekosea nafasi, kamera itakuonyesha 1/125 huku ikipiga kitu kingine. Ukiinua kifuniko cha juu kiinue sentimita moja tu kwanza na utazame chini yake: kuna waya nyembamba za kipima mwanga, na zimeshikwa na risasi ya zamani inayoachia kwa urahisi.

Sasa ulimi uko mbele yako. Usukume kwa njiti, uachie. Ukirudi haraka na kuingia kwenye meno, springi ni nzima na tatizo lilikuwa grisi. Safisha mpaka chuma king'ae. Tone la mafuta liende kwenye pini unayozungukia ulimi, si kwenye ncha yake wala kwenye meno unayoyashika.

Springi ya kurudishia mkono imekunjwa ikiwa na mkazo. Kabla ya kuiachia ingiza mikono na kamera ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni unaoonyesha ndani. Springi ikiruka itabaki mfukoni badala ya kwenda chini ya kabati. Iachie polepole ukihesabu inajifungua mzunguko kiasi gani, maana ndio mkazo utakaourudisha. Ikiwa imekatikia kwenye ndoano ya mwisho, haijafa. Pasha moto sehemu ile ya mwisho tu, milimita chache, mpaka iwe nyekundu, iache ipoe yenyewe, kisha uikunje ndoano mpya. Chuma cha springi kisichopashwa moto hukatika tena ukikikunja. Asiye na mkono mwepesi ampelekee fundi saa, hii ni kazi anayoifanya usingizini.

Gia yenye jino lililovunjika haitengenezwi kwa gundi wala kwa kulehemu. Tafuta kamera mfu ya kutolea spea. Pentax KM ni ndugu wa karibu wa K1000 na wanashirikiana vipande vingi. Kabla ya kutoa gia yoyote chora kwa kalamu nyembamba mstari unaopita kwenye jino la gia hii na la jirani yake. Gia zikirudi zikiwa zimehama jino moja, mkono utakokia shata nusu nusu na utaanza kuitafuta hitilafu ambayo umeileta wewe.

Klachi ya ngoma

Shika mkono usitembee, kisha zungusha ngoma kwa kidole. Kwenye upande wake wa kuteleza inatakiwa ikubali huku ikipinga kidogo. Isipopinga kabisa, imechoka au imeingia mafuta. Ikikataa katakata pande zote mbili, imeganda na itachana mkanda.

Klachi nyingi ni washa au springi inayobana ekseli ya ngoma. Iliyoingia mafuta isafishwe kwa petroli mara mbili tatu na iachwe kavu, kwa sababu kazi yake ni msuguano. Iliyochoka, springi yake hubanwa kidogo kwa kibano. Kidogo maana yake kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho, ila unakihisi ukizungusha tena.

Kupima

Chukua mkanda ulioharibika, uliopigwa mwanga zamani. Studio yoyote ya zamani huwa na mabaki yake. Uweke kwenye kamera na uache mgongo wazi. Vuta, fyatua, kisha kwa kalamu ya wino chora mstari juu ya mkanda kwenye ukingo mmoja wa dirisha la picha. Vuta tena, fyatua, chora pale pale. Endelea mpaka mkanda uishe, kwa sababu klachi dhaifu huonyesha tabia yake ngoma ikishanenepa.

Toa mkanda uulaze mezani. Kati ya mstari na mstari pawe na milimita 38. Usipokuwa na rula hesabu matundu: 8 kila mara. Mistari ikiwa sawa mwanzo na mwisho, kazi imekamilika. Ikisogeleana kila mara, kitufe cha kurudishia hakiruki nje mpaka mwisho, au mkanda unaruka meno kwa sababu ngoma haiuvuti. Ikiwa sawa sehemu kubwa na kuharibika mara moja moja, tafuta jino bovu, na angalia kama kosa linajirudia kila baada ya idadi ile ile ya picha.

Halafu bila mkanda na bila lenzi, elekeza kamera kwenye anga nyeupe, siyo jua, weka spidi 1/1000, tazama kupitia mgongo huku ukifyatua. Mwanga uonekane katika dirisha lote. Upande mmoja ukibaki mweusi, pazia la pili linalikamata la kwanza njiani, na hiyo sasa ni kazi ya shata, ambayo kwa kamera yenye thamani ni heri ipelekwe kwa mwenye vipimo.

Kisha ndipo uweke mkanda mzima, upige, usafishwe. Ukiuweka, tazama kifundo cha kurudishia kila unapovuta mkono: kikizunguka, mkanda unakwenda. Kisipozunguka, haukushika kwenye ngoma na unapiga hewa.

Kamera iliyotengenezwa isirudi kwenye mfuko wake wa ngozi. Ngozi hushika unyevu, na msimu wa masika ukungu utaota humo mpaka kwenye lenzi. Iweke kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, iache ikiwa haijakokiwa, na mara moja kwa mwezi uitoe, uvute mkono na kufyatua kwenye kila spidi.